Korongo Mtoro

Korongo wa bendera ya Uganda ana mguu mmoja juu. Tangu shule ya msingi tunaambiwa mguu ule ni ishara ya nchi inayosonga mbele. Wasichotuambia ni kwamba korongo akishonwa vibaya husonga kweli: huupa mlingoti kisogo na kwenda zake. Huyo aliyekwenda zake nilimshona mimi, kwa mikono hii, na alikwenda zake tarehe 9 Oktoba, Siku ya Uhuru, mbele ya mtaa mzima, watu wakiwa wamevaa magauni ya gomesi na kanzu zilizopigwa pasi ya makaa.

Mimi ni fundi cherehani Walukuba, Jinja. Walukuba ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za mkoloni, viwanda vilipoanza kuota Jinja, na kwa kuwa watu walitoka kila pembe, Waacholi, Walugbara, Wanubi, Wasoga, Waluhya, Kiswahili kikawa lugha ya bombani. Ukitaka kugombania foleni ya ndoo bila kumkosea mtu kabila lake, unagombana kwa Kiswahili.

Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, alinijia kibandani tarehe 5, siku nne kabla ya sherehe.

"Fundi, mwaka huu bendera za karatasi hatuzitaki. Tunataka ya kitambaa, kubwa, ionekane mpaka Masese."

"Hakuna shida, ssebo," nikamjibu.

Hilo "hakuna shida" limechoma mafundi wengi kuliko sindano.

Hesabu nilizipiga vizuri, na hapo sijilaumu. Bendera yetu ni 2 kwa 3, yaani kimo kikiwa sentimita 120, urefu ni 180. Milia ni sita: nyeusi, njano, nyekundu, halafu tena nyeusi, njano, nyekundu. Nyeusi ni Waafrika, njano ni jua, nyekundu ni udugu. Mimi huikumbuka hivi: mtu yuko juu, jua linamwakia, damu inamuunga na mwenzake aliye chini. Kila mlia ukikamilika uwe sentimita 20, lakini ole wako ukikata 20. Milia minne ya kati inakatwa 23, kwa kuwa mshono unakula moja na nusu kila upande. Ule wa juu kabisa na ule wa chini kabisa unakatwa 24, kwa ajili ya pindo. Urefu unakatwa 187: sentimita 4 za pindo la mkiani, upande unaopepea, na 3 za kuingizwa kwenye turubai upande wa mlingoti. Kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, meta mbili za kila rangi zinatosha na kubaki, na nusu meta nyeupe kwa ajili ya duara. Kata kwa kufuata urefu wa jora, si upana wake. Mlia uliokatwa kwa upana unavutika, na baada ya wiki moja ya upepo bendera inalegea kama kaptura ya mvuvi.

Mshono wa kuungia milia ni ule wa ndani ya mguu wa jinzi: unakunjwa, unalazwa, unapigwa mara mbili. Bendera haina bitana wala upande wa ndani, hivyo mshono ukiacha nyuzi nje, watu wa upande wa pili wanaziona. Na pindo la mkiani lipigwe mistari minne, kwa sababu pale ndipo upepo unapochapia kama mjeledi na pale ndipo bendera zote huanza kuchanika. Tazama bendera yoyote kuukuu uniambie kama imeanza kufa upande wa mlingoti.

Nimewaeleza haya yote ili mjue kwamba aliyeharibu hakuwa mjinga wa kazi.

Balaa ilianzia kwenye duara. Duara jeupe linakaa katikati kabisa, juu ya mlia wa tatu na wa nne, nyekundu na nyeusi, na kipenyo chake kinakaribia milia miwili. Nilihitaji sentimita 39 likikamilika, kwa hiyo 41 za kukata. Sikuwa na bikari ya ukubwa huo, nikaenda kwa Nalongo. Nalongo, mama wa pacha, ndiye anayetukaangia chapati na mayai pale kona, na ana sufuria moja ambayo mfuniko wake, nilipoupima, ulikuwa sentimita 41 kamili. Akaniazima kwa sharti kwamba urudi kabla ya maharage kuchemka.

Duara yanatakiwa mawili, moja kila upande. Ukishayashona kwa zigizaga pande zote, unaingiza mkasi kwa uangalifu katikati ya tabaka mbili nyeupe na kuikata milia iliyofichika ndani. Usipofanya hivyo, nusu ya chini ya duara itakuwa ya kijivu, weusi ukichungulia kama chupi nyeusi ndani ya kanzu. Niliikata. Ilitoka safi. Niliinua juu ya taa nikaona mwanga unapita vizuri, nikajipongeza kwa soda. Kumbukeni huo mwanga.

Sasa korongo mwenyewe. Nilimhitaji mtu wa kunichorea, mwalimu wa sanaa akawa kasafiri. Nikajiambia, mbona ninaye mfukoni? Sarafu ya shilingi 500 ina korongo. Nikaitoa, nikaiweka chini ya taa. Ina kichwa na shingo tu. Kichwa nilikipata sawasawa: taji la manyoya ya dhahabu yaliyosimama kama njiti za ufagio mpya, paji jeusi, shavu jeupe, na kile kipande chekundu kinachoning'inia chini ya kidevu. Nikamaliza shingo, sarafu ikaisha. Kuanzia mabegani kwenda chini nchi yangu haikuniwekea kitu kwenye chuma kile.

Korongo wa kweli nimewaona kwenye madimbwi ya mpunga, ndege wa kama mita moja, kijivu, bawa jeupe lenye hudhurungi. Lakini kumwona ndege na kumchora ni mambo mawili. Aliyekuwa karibu usiku ule alikuwa jogoo wa Nalongo, amelala juu ya mkokoteni. Nikampima kwa macho.

Mpwa wangu alipoliona lile kadibodi nililolichora akaniuliza, "Mjomba, huyu anauzwa na kachumbari?"

Nikayapunguza mapaja. Nikairefusha miguu. Nikauinua mmoja. Kijivu cha mwili nilikitoa kwenye kipande cha sare ya shule, bawa nikalishona jeupe na kulizungushia uzi ili lisipotee kwenye duara, taji nikalitarizi kwa uzi wa njano mara tatu. Nikambandika upande wa mbele, macho kushoto kuelekea mlingoti, kama sheria inavyotaka. Asubuhi mwenyekiti akapita, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ameshiba," akasema. "Lakini ni korongo."

Nikapata nguvu. Usiku uliofuata, umeme ukiwa umekatika (nasi tunaishi mbele ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, tunasikia maji yakipita), nikawasha mshumaa, nikachukua kadibodi lilelile, nikaliweka juu ya kitambaa vilevile, nikakata korongo wa pili. Nikageuza bendera, nikambandika upande wa nyuma. Macho kushoto.

Miaka 20 nashona mashati. Sijawahi hata siku moja kumpa mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Kila fundi anajua mkono wa kulia unakatwa kwa kuligeuza kadibodi, au kwa kukunja kitambaa mara mbili na kukata yote kwa mkupuo, na mapacha wanatoka wakitazamana wenyewe. Kama ningekuwa mvivu, nikakunja kijivu mara mbili na kukata korongo wote wawili usiku ule wa kwanza, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Bidii ndiyo iliyoniponza. Shati nililipa mikono miwili, taifa nikalipa korongo wawili wa kushoto.

Maana bendera ikigeuzwa, mlingoti unahama. Ukiitazama kwa mbele, mlingoti uko kushoto. Ukizunguka nyuma, uko kulia. Korongo anatakiwa autazame mlingoti pande zote mbili, kwa hiyo wa nyuma lazima atazame kulia. Wangu alikuwa anatazama kushoto, kwenye mkia unaopepea, kwenye hewa tupu, mguu juu, tayari kwa safari.

Sikuliona. Kwenye meza ya cherehani hakuna mlingoti.

Asubuhi ya tarehe 9 uwanja ulikuwa umependeza. Tenti la wageni liliwekwa upande wa magharibi, likitazama mashariki, watoto wa shule wakapangwa ng'ambo, mlingoti katikati. Mlingoti wenyewe ulikuwa mkaratusi mbichi wa mita 6 uliobanduliwa maganda jana yake, laini kama sabuni. Shimo walilichimba vijana, na mtu akiwaambia mlingoti wa mita 6 unataka angalau mita moja ya kwenda chini na kokoto za kushindilia, wanamwambia wameelewa. Walichimba kiasi cha goti. Na juu kuna roda ndogo, na ndani ya roda wakapitisha kamba ya katani nene kama kidole gumba. Hiyo kamba pia ikumbukeni.

Msimamizi wa kupandisha alikuwa Afande, mzee mstaafu wa jeshi, ambaye shughuli yoyote mtaani kwetu isipoanza kwa saa aliyoipanga yeye huhesabika haikufanyika. Kabla ya kuanza alitupa historia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, pale Kololo, bendera ya Mwingereza ilishushwa na hii ikapanda, aliyeipandisha akiwa afisa Akorimo Kanuti. Akaongeza kwamba mbunifu wake anayetajwa, Grace Ibingira, alikuwa mwanamume na waziri wa sheria, na wanaosema ni mama fulani waache. Na kwamba korongo mwenyewe alikuwa tayari kwenye nembo za mkoloni kabla ya Uhuru.

"Walimwacha," akasema Afande, "kwa sababu hana kabila wala hagombani na mtu. Fundi! Iko tayari?"

"Tayari, Afande." Nilikuwa nimeshona uzi mwekundu kwenye pembe ya juu, alama yangu ya siri ili asije mtu akaifunga kichwa chini. Weusi uwe juu, wekundu chini. Niliikagua mara mbili. Nilijiona bingwa wa tahadhari.

"Kupandisha ni haraka, kushusha ni polepole!" Afande akaamuru. Bendera ikapaa. Wimbo wa taifa ukapigwa kwenye spika, watu wakaimba, halafu ukafuata wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa Kiswahili, na hapo ndipo Walukuba ilipofungua koo.

Asubuhi upepo wa kwetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukaikunjua bendera vizuri, na wageni kwenye tenti wakaletewa upande wa mbele. Korongo sahihi, macho kwenye mlingoti. Ila jua la saa tatu lilikuwa nyuma ya bendera, na lile duara langu safi linalopitisha mwanga likawaka kama karabai. Korongo wa mbele akawa kivuli. Korongo wa nyuma naye akawa kivuli. Wangekuwa wamekatwa kwa kugeuziana, vivuli vyao vingelaliana na kuwa ndege mmoja. Hawa wangu walipishana.

Mwalimu mstaafu wa jiografia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Vichwa viwili," akasema. "Vichwa viwili ni tai wa Albania."

"Na miguu mingapi?" akauliza Hajati wa jirani.

Wakaanza kuhesabu. Wengine wakapata minne, wengine mitatu. Mwenyekiti akanitazama. Nikaitazama pilau.

Ng'ambo, upande wa watoto, jua liliipiga bendera usoni, hivyo wao hawakuona vivuli. Waliona korongo wa nyuma peke yake, mchana kweupe, kauacha mlingoti kisogoni, mguu juu, kifua mbele, anaondoka. Mtoto mmoja wa darasa la pili, sauti kama filimbi ya refa, akatangaza:

"Mwalimu, korongo anakimbia!"

Akanyamazishwa. Kwenye tenti wakasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Watoto wakashikilia: anakimbia. Wageni: hakimbii, anatazama mlingoti, kama si vichwa viwili. Kwa muda wa saa nzima, katikati ya hotuba, mtaa ukagawanyika pande mbili kwa sababu ya ndege mmoja, na kila upande ulikuwa unasema kweli.

Ningenusurika. Hotuba zingekwisha, watu wangekula, bendera ningeishusha jioni na kuirekebisha kimyakimya. Lakini ziwa lina tabia yake. Jua likishaipasha nchi kavu, upepo hugeuka: mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu. Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye sentensi ya maendeleo. "Nchi yetu," akasema akinyoosha mkono juu bila kutazama, "kama korongo huyu..."

Bendera ikalegea. Ikajizungusha kwenye mlingoti polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ikajikunjua upande wa pili.

"...inasonga mbele!"

Tenti lote likamwona. Mguu juu, mapaja ya jogoo, taji limesimama, anauacha mlingoti kwa mwendo wa mtu anayedaiwa. Kimya kwanza. Halafu Nalongo, akiwa na chapati mkononi:

"Bannange! Huyo anaenda Busia!"

Kicheko kilichofuata kilifika Masese kabla ya bendera. Mtu akasema si Busia, njia ile inakwenda Kenya kwa Malaba. Mwingine akataka kujua kama ana pasipoti. Afande pekee ndiye aliyekaa wima, uso kama ukuta wa kambi. Akainuka, akaja mpaka nilipo, akasimama karibu sana.

"Fundi. Jeshini askari anayeacha kituo chake tunamwita nani?"

"Mtoro, Afande."

"Hesabu una watoro wangapi?"

"Mmoja, Afande. Mwingine yuko kazini."

Akaamuru bendera ishushwe. Na hapo ndipo mvua ya Oktoba ilipoamua kuhudhuria sherehe. Msimu wetu wa pili wa mvua uko katikati mwezi ule. Haikunyunyiza. Ilimwagwa. Watu wakakimbilia tenti, mimi na Afande tukabaki kwenye kamba.

Kitambaa chekundu nilikuwa nimekinunua bila kukijaribu. Jaribio lake ni la dakika moja: unalowesha kipande, unakifunika na kitambaa cheupe, unapitisha pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, kirudishe dukani. Kuna wanaosema loweka kwa chumvi na siki. Rangi ambayo haikushikizwa vizuri tangu kiwandani hutaiokoa kwa viungo vya kachumbari. Unaweza tu kukifua, ukifue tena, mpaka maji yatoke meupe, ndipo ushone. Nilijua yote hayo. Mteja mwingine angeyasikia kutoka kwangu kwa kirefu.

Kumbukeni mlia uliokaa juu ya duara ni mwekundu. Maji yakashuka. Kwanza duara likawa la waridi juu, kisha michirizi, kisha korongo mwenyewe akaanza kutiririkwa kuanzia kwenye taji. Yule mtoro akageuka kuwa mtoro aliyepigwa risasi. Hajati akafunika macho ya mjukuu wake.

"Shusha!" Afande akapaaza sauti.

Nikavuta. Kamba haikuja. Katani ikilowa huvimba, na ile yetu ilikuwa nene kupita mfereji wa roda hata ikiwa kavu. Ikajibana kati ya gurudumu na shavu la roda, ikakaa. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Mlingoti ukainama kidogo kwa heshima, basi.

Mpwa wangu akajitolea kupanda. Alipanda mita moja na nusu, akateleza mita moja na nusu, mara nne, mpaka kaptura yake ikaanza kubaki juu wakati mwenyewe yuko chini. Mara ya tano, akiwa amekumbatia ule mkaratusi kama mama yake, shimo la kiasi cha goti likajaa maji na kutoa sauti. Tope lilimeza mate, hivyo ndivyo lilivyosikika.

"Unaanguka!" akapiga kelele mtu.

"Isiguse chini!" akapiga kelele Afande, na alikuwa hamzungumzii mpwa wangu.

Katika maisha yangu sijaona Walukuba ikiungana namna ile. Wanaume wakalipokea shina, mpwa wangu akiwa bado juu yake. Mlingoti ukashushwa mabegani kama jeneza la mtu mrefu sana, na bendera, ikiwa imeloa na kuwa nzito, ikawa inaning'inia mbele, ikiutafuta udongo. Watu wakakimbia na mikono juu. Mwalimu wa jiografia akashika pembe moja. Mwenyekiti akashika ya pili. Ya tatu ilikuwa juu, mbali, na mama mmoja akamwinua mwanawe kwa mikono miwili juu ya kichwa, wima kabisa, kama ile sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba pale Kampala, mtoto akanyaka. Ya nne haikuwa na mtu. Ikateremka taratibu juu ya meko ya Nalongo, na Nalongo akaidaka kwa kichwa. Bendera yote ikamshukia, maji na rangi, akabaki amesimama ndani yake, hatikisiki, mikono imenyooka pembeni.

"Nimeishika," sauti ikatoka ndani ya mlia wa njano. "Haijagusa chini. Maharage yangu yanaungua."

Bendera haikugusa ardhi. Afande alizunguka akikagua kila pembe, kisha, akiwa ametota mpaka soksi, akapiga saluti. Sikujua kama alimpigia korongo au Nalongo.

Gomesi yake ya njano ilitoka pale ikiwa na duara la waridi mgongoni. Nilimshonea nyingine bila malipo, na mfuniko wa sufuria nilimrudishia nikiwa nimemkagulia na maharage.

Usiku uleule nilifumua. Kufumua korongo ni kazi ya wembe na subira: unakata uzi wa chini kila baada ya mishono mitano, unavuta wa juu, unatoka mzima. Duara zote mbili nilizitupa, mlia mwekundu nikaununua upya, wa tetroni, na mara hii nikaupitishia pasi nikiwa bado mbele ya mwenye duka, akanikodolea macho kama mwizi. Korongo mpya nikamkata kwa kulipindua kadibodi. Nilipoinua kwenye taa, vivuli viwili vikalaliana vikawa ndege mmoja, miguu miwili, mmoja juu. Mapaja sikuyagusa. Mtaa ulikuwa umeshayazoea.

Kamba sasa ni ya nailoni, ya milimita 6. Shimo nilisimama ndani yake mwenyewe, likanifika kiunoni.

Kila ikikaribia Oktoba, Afande hupita kibandani akiegemea fimbo yake, akavuta ile droo ndogo ya cherehani, penye bobini na vifungo visivyo na wenzake. Korongo wa kijivu amelala humo, kichwa kimepakwa waridi, mguu bado juu.

"Mtoro yupo?"

"Yupo ndani, Afande."

"Asitoke," anasema, anaifunga droo, na kuniuliza kama suruali yake iko tayari.